Nyumba ya Hurumzi: Kutoka Jumba la Tajiri Hadi Nyumba ya Wageni

Mtu atokaye ufukoni Forodhani, katika mji wa Unguja, akapita nyuma ya Jumba la Ajabu na kuingia ndani ya Mji Mkongwe, hufika katika njia nyembamba iitwayo Hurumzi. Nyumba za njia hiyo zimesimama zikitazamana kwa karibu sana, hata jua la mchana hufika chini kwa muda mfupi tu. Miongoni mwake imo moja iliyozipita jirani zake kwa urefu, na kwa miaka mingi imetajwa kuwa ni miongoni mwa majengo marefu kabisa ya mji huo. Leo nyumba hiyo ni hoteli. Wageni kutoka Ulaya, Marekani na kwingineko hulala katika vyumba vyake, na jioni hupanda darini, wakaketi juu ya mito wakinywa chai na kulitazama jua likizama baharini. Wachache kati yao hujiuliza ni nani aliyeijenga, na kwa mali iliyotoka wapi.

Swali hilo ni la watu wa Unguja, lakini ni la watu wa Bujumbura pia. Uwanda ambao juu yake leo zimesimama nyumba za Carama, Kinama na Buyenzi, kaskazini mashariki ya Ziwa Tanganyika, zamani ulijulikana kwa wasafiri kwa jina la Uzige. Wafanyabiashara wa Kiswahili na wa Kiarabu waliokuja Uzige walitoka Ujiji. Waliokuwa Ujiji walitoka Tabora. Na waliokuwa Tabora walitoka Bagamoyo na Unguja. Kamba hiyo ndefu ya watu na mizigo ilikuwa na ncha mbili. Ncha moja ilikuwa huku ziwani na ng'ambo yake, Manyema. Ncha ya pili ilikuwa katika mabaraza ya matajiri wa Unguja, na mmoja wa wakubwa wao alikuwa mwenye nyumba ya Hurumzi.

Mtu huyo ni Tharia Topan. Alizaliwa mwaka wa 1823 katika nchi ya Kachi, magharibi ya Bara Hindi, katika jamaa ya Makhoja Waismaili. Alikuja Unguja angali kijana, bila ya mali. Husimuliwa kwamba alisafiri kwa kujificha jahazini, na kwamba masomo yake yalikuwa machache hata ikambidi kujifunza hesabu na kuandika huku akifanya kazi. Yawe masimulizi hayo ni kweli yote au yameongezwa chumvi, jambo moja ni dhahiri: alianza chini, akapanda kwa bidii, na zaidi ya bidii, kwa kuaminiwa. Mwandishi wa safari Henry Morton Stanley, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu wafanyabiashara, alimtaja katika kitabu chake cha mwaka wa 1872 kuwa ni mtu mwaminifu kuliko wengi.

Uaminifu ulikuwa ndio mtaji wa kwanza katika biashara ya siku zile. Haikuwapo benki katika bara, wala mahakama ya kumfuata mdeni hadi Ujiji. Tajiri wa Unguja alitoa nguo za merekani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti, akampa mfanyabiashara wa safari kwa mkopo. Huyo aliajiri wapagazi, akaenda bara kwa safari ambayo mpaka Ujiji peke yake ilichukua miezi mitatu au zaidi, naye pengine hakurudi ila baada ya miaka kadhaa. Aliporudi alileta pembe za ndovu, zikapimwa kwa frasila, na deni likalipwa pamoja na faida kubwa. Akifa njiani, au akiporwa, au wapagazi wakikimbia, mali yote ilipotea. Kwa hiyo tajiri aliyekaa barazani Unguja hakuwa amekaa kwa raha. Kila karani aliyeingia mlangoni aliweza kuwa na habari ya utajiri au ya hasara.

Katika miaka ya 1870, zamani za Seyyid Barghash bin Said aliyetawala kuanzia mwaka wa 1870 mpaka 1888, Tharia Topan alifika daraja ya juu kabisa ya biashara: alipewa kazi ya kukodi forodha ya Unguja. Desturi ilikuwa kwamba Sultani hakukusanya ushuru mwenyewe. Alimkodisha tajiri mmoja forodha kwa kiasi maalumu cha fedha kwa mwaka, na tajiri huyo akakusanya ushuru kwa watu wake, ziada ikawa yake na upungufu ukawa wake. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Wahindi wa Kachi vilevile. Mwenye kuishika forodha alizijua habari za kila jahazi lililotia nanga na kila pembe iliyopita, na Sultani mwenyewe mara nyingi alikuwa mdeni wake.

Katika wale waliochukua mali yake, mashuhuri zaidi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana bara yote kwa jina la Tippu Tip. Yeye ameacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, nazo zilipigwa chapa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzo wa karne ya ishirini. Na katika habari hizo Tharia Topan anatajwa kuwa ndiye aliyemkopesha. Safari yake kubwa aliianza karibu na mwaka wa 1870, akarudi Unguja mwaka wa 1882, baada ya kupita Tabora, nchi za kusini ya ziwa, Manyema na mto Kongo. Miaka yote hiyo daftari la Unguja lilikuwa wazi likimngojea. Mtu aliyekopesha mali na akangoja miaka kumi na mbili hakuwa na moyo mdogo.

Mshirika wa Tippu Tip katika upande wa ziwa alikuwa Muhammed bin Khalfan el Barwani, ambaye wenyeji walimwita Rumaliza. Makao yake yalikuwa Ujiji, na nguvu zake zilienea pwani ya ziwa hadi Uzige. Alitaka kuingia milimani mwa Burundi, lakini hakufaulu. Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala mpaka mwaka wa 1908, aliilinda nchi yake, na biashara ya watu haikupata kushika mizizi milimani kama ilivyoshika Manyema. Hilo ni jambo la kukumbukwa na kila Mrundi, awe wa dini gani. Lakini pwani ya ziwa hali ilikuwa nyingine, na ng'ambo, katika nchi ya Manyema, vijiji vizima vilihama au viliangamia. Wengi katika wazee wa Waswahili wa Ujiji, Rumonge na Buyenzi wana asili yao huko Manyema. Baadhi walikuja kwa hiari yao wakiwa wafanyabiashara na askari, baadhi waliletwa.

Hata ile safari ambayo wasomaji wa historia huijua zaidi ilipitia mikononi mwa matajiri wa Unguja. Stanley alipomtafuta Livingstone, nguo na shanga za kulipia njia alizinunua mjini humo. Mwezi wa Novemba 1871 wawili hao, baada ya kukutana Ujiji, walipanda mtumbwi wakaja hadi ncha ya kaskazini ya ziwa kuutazama mto Rusizi, wakahakikisha kuwa maji yake huingia ziwani wala hayatoki. Huko Mugere, kusini ya Bujumbura, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871. Watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Wangefaa kuambiwa pia kwamba wazungu wawili hao hawakufika pale peke yao, bali walikuja pamoja na watu waliopiga makasia, waliobeba mizigo na waliojua lugha, wala hapana jiwe lililochongwa majina ya hao.

Basi kwa faida ya biashara ya namna hiyo ndiyo iliyojengwa nyumba ya Hurumzi, katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa. Ilikuwa makao ya Tharia na jamaa yake, na pia mahali pa shughuli zake. Ilijengwa kama zilivyojengwa nyumba zote za Mji Mkongwe: kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa na mchanga, na dari za boriti za mikoko. Upana wa vyumba vya nyumba hizo haukuchaguliwa na mwenye nyumba wala fundi. Ulichaguliwa na mkoko, kwani boriti haipatikani ndefu mno, na kwa hiyo vyumba vya Unguja ni vyembamba na virefu, yapata hatua tatu au nne kwa upana. Kuta ni nene, zinazuia joto. Mwenye mali hakuweza kukitanua chumba. Aliweza tu kuongeza ghorofa juu ya ghorofa, na mlango wa mbele kuupamba kwa nakshi. Tharia aliongeza ghorofa, hata dari yake ikatazama juu ya mji mzima.

Mwisho wa maisha yake Tharia Topan alitaka kuacha alama nyingine. Mwaka wa 1887, Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza miaka 50 ya utawala, liliwekwa jiwe la msingi la jumba la hospitali karibu na bandari, ambalo Tharia alikusudia liwe la kuwatibu maskini. Fundi wake mkuu alikuwa Hashim Virjee Patel, na nakshi za mbao za veranda zake hata leo huwafanya wapitao wasimame. Mwaka wa 1890 Malkia alimpa Tharia cheo cha Sir. Mwaka uliofuata, 1891, alifariki dunia huko Bombay, kabla jumba lile halijamalizika. Mjane wake, Janbai, aliendelea na kazi, lakini mali ya marehemu haikuwa tena mkononi mwa mtu mmoja, na mwaka wa 1900 jumba likauzwa. Wanunuzi walikuwa ni wasimamizi wa mali ya sadaka ya Haji Nasser Nurmohamed, nao wakalifanya zahanati. Hivyo nia ya Tharia ilitimia, ingawa kwa mkono wa mwingine.

Nyumba ya Hurumzi nayo ilipata kazi ambayo mjenzi wake hakuikusudia. Biashara ya watumwa kwa bahari ilikatazwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na soko la Mkunazini likafungwa. Lakini utumwa wenyewe uliendelea majumbani na mashambani hadi tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri kwamba sheria haitautambua tena Unguja na Pemba. Amri hiyo haikuwaacha watu huru kwa siku moja. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, aonyeshe atakaa wapi na atakula nini. Na bwana wake, akithibitisha umiliki, alilipwa fidia na serikali. Aliyelipwa ni aliyemiliki. Aliyemilikiwa alipewa karatasi. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka wa 1909. Katika Tanganyika utumwa haukuondolewa kwa sheria mpaka mwaka wa 1922.

Masimulizi ya mji wa Unguja husema kwamba shughuli hiyo ya kulipia uhuru wa watumwa ilifanywa katika nyumba ya Hurumzi, na kwamba jina lenyewe la mtaa limetokana na neno uhuru. Ikiwa ndivyo, basi jambo la ajabu lilitokea katika nyumba hiyo. Ngazi zilezile walizopanda makarani wa pembe walizipanda watu waliokuwa wakibebeshwa pembe. Meza iliyohesabiwa reale za forodha ilihesabiwa thamani ya uhuru. Na yumkini katika waliosimama pale wakingoja karatasi zao walikuwamo watu wa Manyema, waliozisahau lugha za mama zao, wasiweze tena kusema kijiji chao kilikuwa upande gani wa ziwa.

Baada ya hapo nyumba ilizeeka pamoja na mji. Biashara ya pembe ilikufa, karafuu zikachukua nafasi yake, bandari za Mombasa na Dar es Salaam zikaipita Unguja. Kisha yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Matajiri wengi wa Kiarabu na wa Kihindi waliuawa au walihama, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikachukuliwa na serikali, wakapewa kukaa humo watu waliokuwa hawana makao mjini. Kwa wengi wao ilikuwa haki iliyochelewa. Lakini nyumba ya chokaa haijui siasa, inajua maji. Mvua ikiingia darini, boriti huoza. Boriti ikioza, ukuta huachana na mwenzake. Na jamaa kumi wanaokaa katika nyumba moja, kila mmoja na chumba chake, hawakubaliani ni nani wa kuliziba paa. Tena palipotengenezwa, mara nyingi palitengenezwa kwa saruji, na saruji juu ya ukuta wa matumbawe huzuia unyevu usitoke, hata ukuta ukafa kutoka ndani huku nje ukionekana mzima. Kufikia miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka kila masika. Mwaka wa 1985 serikali iliunda mamlaka maalumu ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka wa 2000 mji ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Ni katika hali hiyo, miaka ya 1990, nyumba ya Hurumzi ilipogeuzwa kuwa hoteli. Waliofanya kazi hiyo ni Wamarekani wawili waliohamia Unguja, Emerson Skeens na Thomas Green, na mwanzoni hoteli iliitwa kwa majina yao. Baadaye iliitwa 236 Hurumzi, yaani kwa nambari ya nyumba na jina la mtaa, kisha Emerson on Hurumzi. Hawakuibomoa nyumba wakajenga mpya ya vioo. Walivitia vyumbani vitanda vya Kiunguja vya kuchongwa, wakahifadhi milango na vioo vya rangi, na juu darini wakaweka banda la kunywea chai, lililo wazi pande zote. Kutoka pale mtu huiona minara ya misikiti, kuba la hekalu la Wahindi na mnara wa kanisa la Mkunazini lililojengwa pale lilipokuwa soko la watumwa, na magharibi husikia adhana kutoka pande zote za mji. Skeens aliishi Unguja mpaka alipofariki mwaka wa 2014, na wenyeji wengi walimhesabu kuwa mmoja wao.

Wapo wasemao kwamba ni aibu nyumba ya Waislamu, iliyokuwa na harimu na heshima yake, kuwa mahali pa kulala watalii. Wapo wasemao kwamba bila watalii nyumba ingekuwa kifusi. Kauli zote mbili zina ukweli, na yafaa zipimwe bila hasira. Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapana shaka mgeni ameiponya nyumba ya Hurumzi. Fedha alizolipa zimenunua chokaa na boriti, na zimewapa kazi mafundi wa nakshi, wapishi, madobi na wapagazi wa mizigo, ambao vijana wao vinginevyo wangevuka bahari kutafuta riziki. Lakini lazima iulizwe pia ni mwenyeji gani aliyepona. Nyumba ikipanda thamani, na za jirani hupanda. Kodi ikipanda, jamaa wasio na uwezo huhama kwenda Ng'ambo na mashamba. Na mtaa ambao wakaaji wake wote ni wageni wa siku tatu hauna wa kusali maiti ikipita.

Ili kuona njia nyingine zilizowezekana, inatosha kutazama majengo mawili yanayohusiana na nyumba hiyo. La kwanza ni ile zahanati ya Tharia. Baada ya mwaka wa 1964 nayo ilichakaa, lakini mwaka wa 1990 ilikabidhiwa kwa mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, ikatengenezwa kwa uangalifu mkubwa na kufunguliwa tena mwaka wa 1996 kwa faida ya watu wote. La pili ni nyumba ya Tippu Tip huko Shangani. Mwenyewe alifariki humo mjini mwaka wa 1905, akiwa tajiri wa mashamba na sifa. Nyumba yake, yenye mlango mzuri wa nakshi, haikuwa hoteli wala makumbusho. Kwa miaka mingi ilikaliwa na jamaa za wapangaji, kila jamaa na chumba chake, na ilizidi kuchakaa. Hivyo nyumba ya aliyekopesha imepata walezi, na nyumba ya aliyekopa imekosa. Hata makao ya wafalme hayakunusurika kwa ukubwa wao: Jumba la Ajabu, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka wa 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 wakati likitengenezwa, na watu wakapoteza maisha yao.

Katika habari hizi yamo mafunzo ambayo hayahitaji bahari ili yaeleweke. Bujumbura si mji wa majumba ya matumbawe. Hata hivyo kila jamaa ya Buyenzi ina uwanja wa babu, na katika Carama, ambayo ni mtaa mpya ukilinganishwa na Buyenzi, nyumba zimejengwa kwa jasho la wazazi walio hai, na nyingine vyumba vyake hupangishwa kwa wageni. Mtoto anayezaliwa leo ndani ya nyumba hizo ataziita za zamani. Swali la Hurumzi litakuwa lake.

Fundisho la kwanza ni la urithi. Sheria ya mirathi huwapa warithi haki zao kwa hesabu, na hesabu hiyo haina dhuluma; lakini nyumba haigawanyiki kama shamba. Warithi kumi na wawili wa nyumba moja wasipokutana mapema na kukubaliana, nyumba hugeuka kuwa ugomvi, na baada ya ugomvi kuwa gofu. Ndiyo sababu wazee wa Unguja waliweka wakfu nyumba nyingi: asili ya mali isiuzwe, na faida yake iende kwa kizazi, kwa msikiti au kwa maskini. Mwenye kuipangisha nyumba ya wazee kwa wageni, akaweka sehemu ya kodi kwa ajili ya paa kabla ya kugawa, naye yuko karibu na nia hiyo. Mwenye kula kodi yote, akaliacha paa, anaiuza nyumba kidogo kidogo bila ya hati.

Fundisho la pili ni la kuandika. Waswahili wameshasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tharia Topan aliyejifunza hesabu ukubwani alikuwa na daftari la kila reale, na kwa daftari hilo alijenga jumba. Nyumba nyingi za mjini hupotea kwa sababu hapana karatasi iliyosema nani alinunua, kwa nani, mbele ya mashahidi gani. Na kumbukumbu za jamaa hupotea vivyo hivyo, mzee akizikwa na hadithi zake.

Fundisho la tatu ndilo zito zaidi. Nyumba nzuri yaweza kuwa imejengwa kwa mali iliyochanganyika. Tharia alikuwa mkarimu na mwaminifu kwa kipimo cha wafanyabiashara wenzake. Alitaka maskini watibiwe. Lakini pembe zilizomtajirisha zilibebwa juu ya mabega, na si mabega yote yaliyobeba kwa kupenda. Kuyasema hayo si kumtukana marehemu, wala kuifuta sadaka yake. Ni kuwapa haki yao wale ambao hawakuacha nyumba. Ikiwa kuta za Hurumzi zina wenyewe, basi katika hao wenyewe wamo watu wa Ujiji, wa Uzige na wa Manyema, kwa kuwa walizilipia, ingawa hawakupata kuziona.

Leo msafiri wa kutoka Bujumbura aweza kwenda Unguja, akapita Hurumzi, akanyanyua macho. Akiwa na uwezo ataingia, atapanda ngazi zile ndefu mpaka darini, ataketi na kupewa chai kama mgeni yeyote. Watumishi watamkaribisha kwa Kiswahili, naye atawajibu kwa Kiswahili cha ziwani, na watatambua mara moja kuwa ametoka mbali. Lugha hiyo waliyoizungumza wapagazi njiani, ikapanda na mizigo kutoka pwani mpaka Rusizi, ndiyo mali pekee ya biashara ile iliyobaki mikononi mwa wote. Nyumba imekwenda kwa wageni. Lugha ingali kwa wenyewe, na kwayo habari za nyumba hiyo zaweza kusimuliwa kwa watoto wa ncha zote mbili za njia.